Ua la Mikia Mitano

Asubuhi ya sendoff, sherehe ya kumuaga nyumbani kwao kabla ya ndoa, bibi harusi Sikujua alimbana dada yake jikoni akamtaka aahidi jambo moja tu: leo hataongea habari za majani. Fausta aliahidi huku akicheka, maana alijua ameyataka mwenyewe. Siku wakwe walipokuja kujitambulisha, yeye ndiye aliyetumwa kuwapokea stendi ya Mpanda, na katikati ya njia ya kwenda Mwamkulu akasimamisha bajaji ili ashuke kutazama mmea uliokuwa umetambaa kwenye uzio wa shule. Wakwe wakabaki juani wanamsubiri. Walipofika nyumbani pilau ilishapoa, na gauni la Fausta lilikuwa limejaa mbigili mpaka kiunoni. Mama mkubwa Pelagia alikuwa bado anaisimulia habari hiyo kila alipopata mgeni mpya wa kumsikiliza.

Lakini ndivyo Fausta alivyokuwa. Alisomea misitu, akarudi kwao kufanya kazi kwenye kitalu cha miche pale mjini, na tangu chuoni kulikuwa na mmea mmoja uliomnyima raha. Aliuona mara moja tu, ukiwa umekaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu: kitawi, majani, ua moja, tunda kavu. Uliwahi kuchumwa kwenye miamba ya upande huu wa Mpanda, zamani sana, kabla baba yake hajazaliwa, na hakuna aliyeuleta tena. Ni mmea unaopanda miti, wa ukoo ule ambao wawindaji wa zamani walikuwa wakisaga mbegu zake na kupaka kwenye mishale. Ndugu yake wa kawaida yupo porini na Fausta alimjua vizuri. Huyu adimu ndiye aliyemtafuta kila Jumapili aliyopata nafasi, akirudi nyumbani na miiba na kiu. Kilichomtesa zaidi ni kwamba ua lile lilipokauka liligeuka kahawia kama majani ya chai. Likiwa hai lina rangi gani, hakuna mtu aliyeweza kumwambia.

Basi siku ile akaweka mambo hayo pembeni. Alikuwa msimamizi wa bibi harusi, na kazi ilikuwa nyingi. Baba yao, Gaspar, alikuwa ameazima maturubai kwa majirani na kusawazisha uwanja wote mbele ya nyumba. Viti vya plastiki vilipangwa hadi kwenye majaruba ya mpunga, ambayo mwezi ule wa Oktoba yalikuwa makavu, yanangoja mvua. Upande wa nyuma, chini ya moshi, Ezekia, shemeji yake mama mkubwa, alikuwa anabanika ndafu, yule mbuzi mzima anayeletwa mezani akiwa amepambwa, ambaye bila yeye sendoff inaonekana haina heshima. Na kazi ya mapambo alipewa Maiko, mtoto wa shangazi yao, kijana wa mjini mwenye suruali ya kubana, aliyetangaza mapema kwamba maua ya plastiki yamepitwa na wakati na kwamba safari hii watu wa Mwamkulu wataona kitu ambacho hawajawahi kukiona.

Fausta alikuwa chumbani akimvisha mdogo wake wakati Maiko anamalizia kazi yake, kwa hiyo hakuona chochote. Alasiri, MC Bartolomeo akaita kwenye kipaza sauti, muziki ukafunguliwa, nao wakatoka. Sikujua alikuwa na gauni la rangi ya dhahabu. Fausta alimshika mkono, na nyuma yao wakapanga mstari wasichana wa kwaya. Walitembea kwa ile hatua ya kucheza, mbili mbele na moja nyuma, watu wakipiga vigelegele pande zote, wakielekea kwenye tao la maua lililosimama mlangoni mwa turubai kubwa.

Mwanzoni aliona weupe tu. Kisha akaona kwamba ule weupe ulikuwa unaning'inia. Kila ua lilikuwa na petali tano, na kila petali, badala ya kuishia pale petali zinapoishia, iliendelea kushuka na kuwa utepe mwembamba uliojisokota, mrefu kama kiganja cha mkono. Upepo ulipopita, tepe zote zikatikisika kwa pamoja, tao zima likawa kama linapumua.

Mguu wa Fausta ukakosea hatua. Akaurudisha kwenye mdundo, akatabasamu kwa ajili ya kamera, lakini macho hayakuondoka kwenye tao. Mikia mitano. Hata yule ndugu wa kawaida ana mikia mitano, akajikumbusha, usijidanganye. Lakini ua la yule wa kawaida ni la manjano na lina madoa. Hili lilikuwa jeupe kama maji ya mchele, na ndani kooni lilikuwa na michirizi ya rangi ya damu ya mzee. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Sasa aliona shina. Lilijizungusha lenyewe kwenye mwanzi wa tao, bila ile mikono midogo ya kujishikia ambayo maboga na matango yanayo. Hatua mbili mbele. Majani hayakupishana kwenye kitawi, wala hayakukaa mawili mawili. Yalitoka matatu matatu kwenye fundo moja. Yule wa kawaida hutoa mawili yanayotazamana. Akaubana mkono wa mdogo wake.

"Dada," Sikujua alinong'ona bila kuacha kutabasamu. "Uliahidi."

"Sijasema neno."

"Unanibana vidole."

Walipopita chini ya tao, Fausta aliinua mkono kana kwamba anaweka sawa shela ya mwenzake, akapitisha kidole juu ya jani. Lilikuwa laini, halina manyoya hata kidogo, wakati jani la yule wa kawaida ni kama ulimi wa ng'ombe. Akalivunja kikonyo. Tone la utomvu mweupe likatokeza, likasimama pale kwenye jeraha. Akaufuta mkono kwa kitambaa alichokuwa amekishika na kukikunja kwa ndani, kwa uangalifu, kama mtu anayefunga pilipili.

Walipokaa meza kuu alitamani kupiga kelele. Wageni walikuwa wanatambulishwa, mmoja mmoja, kwa majina na vyeo vya ukoo, na yeye alikuwa amekaa wima, amepakwa poda, anaitikia kwa kichwa, wakati kitu alichokitafuta miaka yote kilikuwa kinaning'inia hatua chache kutoka kwenye kiti chake, kimefungwa kwa utepe wa rangi ya waridi. Alimwita Maiko kwa jicho. Maiko akaja akiinama kwa adabu nyuma ya viti, akidhani anakuja kusifiwa. Kwa minong'ono Fausta akamuuliza ametoa wapi maua yale. Akaambiwa ni Kabungu, kwenye vilima vya mawe nyuma ya boma la Wasukuma fulani. Alipanda bodaboda akitafuta majani ya kijani tu, akayaona juu ya mwamba, akakata mengi kadiri pikipiki ilivyoweza kubeba.

"Si nilikwambia, dada? Hii ni levo nyingine," Maiko alisema. "Na bado ndafu hujaiona."

Fausta hakuelewa mara moja. Moyo wake ulikuwa bado Kabungu, juu ya mwamba. Alielewa muziki ulipobadilika na vijana wanne wakaingia wamebeba sinia la mbao mabegani.

Mbuzi alikuwa ameiva vizuri, anang'aa kwa mafuta, bado anatoa mvuke. Alikuwa amefungwa miguu yote minne kwa shina la ule mmea, limezungushwa shingoni hadi mkiani, majani yamepangwa ubavuni kwenye nyama ya moto, na mdomoni ameng'atishwa kitawi chenye ua, mikia yake mitano ikining'inia kidevuni. Watu walisimama kupiga picha. MC Bartolomeo akamwalika bibi harusi aje akate kipande cha kwanza amlishe baba yake, ndiyo shukrani ya malezi. Gaspar alikuwa ameshasimama, ameshafunga vifungo vya koti, na macho yake yalikuwa yameanza kulowa.

Sikujua alichukua kisu, akakata, akachoma kipande kwa kijiti, akageuka. Fausta hakukumbuka baadaye aliinukaje. Alijikuta amesimama katikati ya baba na mdogo wake, na kipaza sauti cha Bartolomeo kilikuwa mkononi mwake.

"Baba, usile," alisema. "Hayo majani ni sumu ya mishale."

Muziki ulizimwa. Gaspar alimtazama binti yake kwa namna ambayo hajamtazama tangu akiwa mdogo, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini sana. Alimuuliza kama ameona hii ndiyo siku ya kumwaibisha mbele ya wakwe. Upande wa wakwe kulianza minong'ono. Maiko, aliyekuwa amesimama pembeni na simu yake akirekodi, akaishusha taratibu. Fausta alijaribu kueleza: utomvu umechuruzika kwenye nyama ya moto, hawezi kujua umeingia kiasi gani, hakuna mtu wa kujaribu. Alikuwa anaongea haraka mno na aliona wazi kwamba nusu ya watu wanadhani amechanganyikiwa.

Kilichomwokoa, kama ni kuokoa, ni mama mkubwa Pelagia. Alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba, kanga ikimdondoka, akasema Ezekia anatapika na anasema haoni vizuri, taa za turubai zina duara la manjano.

Fausta alimkuta mbanikaji yule ameegemea ukuta wa jiko, jasho jembamba usoni. Alimuuliza alikula nini. Hakula kitu, alijibu, hata nyama hajaionja. Ila waya wa kufungia miguu ya mbuzi haukuonekana, Maiko akampa lile shina, na kwa kuwa kisu kilikuwa mbali alilikata kwa meno, akalibambua ganda kwa meno vilevile. Lilikuwa chungu kuliko kwinini. Alitema, akasukutua, akaendelea na kazi. Fausta alimshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuja polepole, yakingoja, kana kwamba kila moja linafikiri kwanza.

Aligeuka na kumkuta mdogo wake amesimama nyuma yake, gauni la dhahabu limeshikwa juu kwa mikono miwili ili lisiguse majivu.

"Nenda naye," Sikujua alisema. "Wewe ndiye unayejua cha kuwaambia."

Walimpakia Ezekia kwenye bajaji, Fausta upande mmoja na baba mdogo Yotham upande mwingine. Kabla ya kuondoka Fausta aliwaambia mambo matatu kwa haraka: kila aliyegusa mmea anawe kwa sabuni, sinia lote lizikwe shimoni mahali mbwa hawatafika, na tao lisichomwe moto, kwa maana hakutaka mtu avute moshi wake, na pia, Mungu amsamehe, kwa maana hakutaka liharibike. Akachukua kitawi kimoja kwenye mfuko wa plastiki. Njia nzima kuelekea mjini alimshika Ezekia kifundo cha mkono, akiogopa kwa moyo wote, na kwa kipande kingine cha moyo uleule akiutazama mfuko ule na kushindwa kuzuia furaha yake. Alijionea aibu. Lakini furaha haikuondoka.

Hospitalini daktari wa zamu alimsikiliza bila kumkatisha. Alikuwa kijana, hajawahi kukutana na kisa kama hicho, lakini Fausta alipomwambia ni aina ya sumu inayopunguza kasi ya moyo, alijua la kufanya. Alimfunga Ezekia kwenye mashine ya moyo, akamchoma sindano, akakaa karibu naye. Kabla jua halijazama Ezekia alikuwa anauliza kama ndafu iliwafurahisha wageni. Daktari alisema atalala hapo wamwangalie, ila hatari imepita, kwa kuwa alitema mapema. Yotham alitoka nje akapiga ishara ya msalaba na kumpigia simu Gaspar.

Fausta aliporudi Mwamkulu aliukuta muziki unalia. Watu walikuwa wamekula pilau na kuku, na Bartolomeo, aliyezoea kuokoa sherehe, alikuwa amewaambia wakwe kwamba hii ndiyo familia pekee Katavi nzima inayomtangazia mgeni kilichomo kwenye chakula kabla hajala. Walicheka, kisha wakacheza. Gaspar alimwona binti yake anaingia uwanjani, akaacha kucheza, akamshika bega akamwongoza hadi kwenye tao. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo. Alimwambia amwonyeshe. Akamwonyesha majani matatu kwenye fundo moja, shina linalojisokota lenyewe, utomvu, mikia. Mzee alitazama kwa makini ya mkulima anayekagua magugu, kisha akauliza kama kwenye uzio wake kuna kitu kama hicho. Hakuna, alijibu Fausta. Laiti kingekuwepo angelala usingizi miaka yote.

Sikujua naye akaja, ameshavua viatu.

"Kwa hiyo ndio wenyewe?"

"Sina hakika. Sijaona tunda."

"Tunda likoje?"

Fausta alinyoosha mikono yote miwili pembeni, kama mtu anayepima kitambaa. Matunda mawili marefu yanayotoka sehemu moja na kuelekea pande mbili kinyume, kama pembe za ng'ombe. Yule wa kawaida ana pembe zenye vinundu na vikwaruzo. Wa kwenye karatasi alikuwa na pembe nyororo. Bila hilo, alisema, anaweza kuwa anajidanganya kwa vile anataka sana.

Sikujua alitazama tao, kisha akamtazama dada yake. Alisema kesho baada ya misa hana kazi yoyote isipokuwa kukaa ndani na kupakwa manjano, na hiyo inaweza kungoja.

Mama mkubwa Pelagia alipinga vikali bibi harusi kwenda kupanda vilima wiki ya ndoa yake, lakini mchana wa Jumapili pikipiki mbili zilikuwa njiani kuelekea Kabungu, Maiko mbele kuonyesha njia. Asubuhi alikwenda hospitali kumwomba Ezekia msamaha, na Ezekia akamwambia kwamba mapambo kwa kweli yalikuwa mazuri. Hilo lilimuumiza kuliko angetukanwa.

Walisimama kwenye boma la mama mmoja wa Kisukuma, Kashinje, mwanamke mrefu aliyehamia Kabungu na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita na sasa analima mahindi vilevile. Fausta akamsalimia kwa lugha yake, "Mwangaluka, mayu," ingawa asubuhi ilishapita, na Kashinje akatabasamu akaitikia. Walipomweleza walichofuata, alisema anaujua. Ng'ombe wake hawaugusi hata wakati wa kiangazi kikali, wanauzunguka kama wanavyozunguka shimo. Aliwaambia wawahi, kwa maana juma lijalo anachoma kilima chote kile apanue shamba. Fausta akaomba wapande mara moja. Kwanza aone.

Walipanda wakiwa wanne, Kashinje ametangulia na fimbo yake. Jua lilikuwa kali na mawe yalichoma hata kupitia soli za viatu. Chini kidogo ya mwamba, Maiko akanyoosha kidole na kupaza sauti. Juu ya mti mkavu kulikuwa na mmea uliotambaa, maua yenye mikia mitano. Fausta alikimbia. Alipofika chini yake akasimama, na wenzake waliona mabega yake yanashuka. Maua yalikuwa ya manjano, yenye madoa. Akageuza jani, akakwangua kwa ukucha: manyoya. Majani mawili mawili. Tunda moja kavu lililobaki kutoka msimu uliopita lilikuwa na vinundu kama ngozi ya kenge.

"Huyu ni yule wa kawaida," alisema. Akawaita karibu awaonyeshe, kwa sababu alijua wakimwona huyu vizuri hawatamkosea yule mwingine. Wote wawili ni sumu, alisema, na mbegu ndizo mbaya zaidi. Mikia peke yake isikudanganye, wala utomvu peke yake. Unaanza na majani, unahesabu yako mangapi kwenye fundo, unayapapasa, ndipo unaangalia rangi ya ua, na tunda linakuwa shahidi wa mwisho. Sikujua, aliyekuwa amechoka maisha yake yote kusikia habari hizo, alikwangua jani kwa ukucha wake uliopakwa rangi na kukubali kwamba kweli ni kama ulimi wa ng'ombe.

"Mimi sikukata hapa," Maiko alisema. "Mimi nilikata kule."

Alionyesha ufa katika mwamba, juu zaidi, mahali ambapo mvua za mwaka hadi mwaka zilikuwa zimekusanya udongo. Walipanda kwa mikono na miguu. Fausta alikuwa wa kwanza kuingiza kichwa ndani ya ufa.

Shina lilikuwa nene kama paja la mtu, limetoka kwenye jiwe na kupanda mtini, na kutoka juu lilimwaga matawi yake kama mtu anayemwaga nywele. Maua yalikuwa mengi kiasi kwamba hewa ilinukia, harufu tamu yenye kitu kichungu kwa nyuma. Upande mmoja palionekana panga la Maiko lilipopita, limeacha visiki vinavyotoka utomvu. Lakini alikuwa amekata sehemu ndogo tu. Matawi machanga yalikuwa mekundu, yenye vidoadoa vyeupe kama vya kanga. Majani, matatu matatu. Fausta aligusa, alihesabu, alisogea, alirudi, akahesabu tena. Kisha akainua macho.

Juu, kwenye tawi lisilo na majani, kulikuwa na pembe mbili kavu, zimetazama pande mbili kinyume. Zilikuwa nyororo kabisa. Moja ilikuwa imepasuka, na ndani yake mbegu zilipangwa kama magamba ya samaki, kila moja na manyoya marefu ya kupaa nayo. Wakati wanaitazama, upepo ukaingia kwenye ufa ukang'oa mbegu moja. Ikapanda juu, ikazunguka, ikawapita vichwani ikielekea bondeni, na wote wanne wakageuka kuifuata kwa macho hadi ilipopotea.

Fausta alikaa chini palepale kwenye mawe. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakuweza kuacha lolote kati ya hayo mawili. Sikujua akakaa karibu naye akamkumbatia bila kujali vumbi.

"Ni mweupe," Fausta alisema. "Miaka yote hii. Ni mweupe."

Baadaye, walipokuwa wanashuka, ilibidi aongee na Kashinje. Hakujua aanzeje. Mama yule alikuwa na haki ya kulima, na mmea wa sumu karibu na mifugo si kitu cha kumwomba mtu akitunze. Alimwambia ukweli wote, kwamba huenda hakuna mwingine uliobaki popote wanapojua watu. Kashinje alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba pale mwambani hapalimiki hata hivyo, moto ndio ungefika. Atafyeka mstari chini ya miamba kabla ya kuchoma, ili moto usipande, na ataweka miiba kwenye mlango wa ufa. Alichotaka yeye ni kufundishwa vizuri namna ya kuutofautisha mmea huo na ndugu yake, awafundishe wanaochunga. Fausta akamrudisha hadi kwenye ule wa manjano, wakaanza upya.

Ndoa ilifungwa Jumamosi iliyofuata, kanisani, na Maiko alipamba kwa maua ya plastiki. Ezekia alicheza mpaka mama mkubwa akamkalisha kwa nguvu. Wakati huo Fausta alikuwa ameshatuma picha na kitawi kilichokaushwa kwa Dk. Matilda, mwalimu wake wa zamani, mtu wa maneno machache aliyemfundisha kutoyaamini macho yake peke yake. Jibu lilikuja kwa simu, na halikuwa refu. Dk. Matilda alisema amekata tiketi ya treni.

Alishuka Mpanda akiwa ameshavaa buti za shambani, darubini ikining'inia kifuani, akawapita wabeba mizigo na kuuliza usafiri wa Kabungu uko wapi kabla hata ya kupokea salamu. Siku ileile walikuwa juu ya mwamba, yeye, Fausta na Maiko. Mstari wa Kashinje ulikuwa umefanya kazi: chini kulikuwa na majivu meusi, juu kulikuwa na kijani. Mwalimu aliuchunguza mmea jani kwa jani, akaingiza kioo cha kukuzia ndani ya koo la ua, akapima mikia. Mwishowe akasema ndio wenyewe, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya kawaida, lakini akaanza kuipima mikia yote upya.

Alitaka kujua nani aliuona kwanza. Fausta akamwonyesha Maiko. Maiko alikuna kichwa, akasema yeye alikuwa anatafuta pambo la sendoff tu, na Dk. Matilda akasema kwamba wengi wametafuta makubwa zaidi na hawakupata hili. Kijana akatazama pembeni asionekane anavyotabasamu.

Walikuwa wanafunga vifaa washuke mwalimu alipoinua darubini kuangalia miamba ya ng'ambo, upande ambao hata Maiko hajawahi kufika. Alikaa nayo machoni muda mrefu. Halafu, bila kuishusha, akanyoosha mkono wa pili akamvuta Fausta kwa mkono wa shati.

"Ule mweupe kule juu," aliuliza, "ni mwamba au ni maua?"

Fausta alichukua darubini. Kitu kilikuwa kinatikisika pale, kirefu, kinaning'inia, kinacheza na upepo. Maiko alikuwa ameshaanza kushuka kuelekea bondeni, akiwaambia wafanye haraka, anaona mahali pa kupandia.